India na China: nani tumwite dola kuu?

Jioni ya tarehe 23 Agosti 2023, saa kumi na mbili na dakika nne kwa saa za India, chombo kidogo cha India kiitwacho Vikram kilitua taratibu karibu na ncha ya kusini ya Mwezi. Hakuna nchi iliyokuwa imewahi kutua huko. Siku nne tu kabla yake, chombo cha Urusi, Luna-25, kilikuwa kimejibamiza kwenye Mwezi na kuishia hapo. Katika chumba cha kuongozea mjini Bengaluru watu walisimama wakashangilia na kukumbatiana, na miongoni mwao walikuwamo wahandisi wanawake waliovaa sari. Swali lililokuwa likiulizwa chinichini kwa miaka likaanza kuulizwa kwa sauti: je, India sasa si dola kuu?

Jibu langu ni bado. Ila "bado" tupu haimsaidii mtu anayetaka kuamua atumie neno gani darasani, kwenye mdahalo au katika makala yake. Kwa hiyo naiweka India bega kwa bega na China, kwa sababu hawa wawili wanalinganishika. India ilipata uhuru mwaka 1947, Jamhuri ya Watu wa China ikatangazwa mwaka 1949. Zote mbili zilikuwa na umati wa watu na umaskini wa kutisha. Hata mwaka 1990, pato la mtu mmoja nchini India, likihesabiwa kwa dola za Marekani, lilikuwa juu kidogo ya lile la China. Walitoka kituo kimoja, basi tutazame kila mmoja amefika wapi.

Neno lenyewe

Mwaka 1944 msomi wa Marekani William Fox alilipa neno hili maana ambayo mpaka leo sijaona ya kuishinda. Kwake, dola kuu ni nchi yenye mambo mawili kwa pamoja: nguvu nyingi, na uwezo wa kuzipeleka nguvu hizo mahali popote duniani. Ukiwa na la kwanza bila la pili, wewe ni taifa kubwa, na hilo si jambo dogo, lakini hujawa dola kuu. Waswahili husema mwenye nguvu mpishe. Cha kuuliza ni nani anapishwa, na anapishwa umbali gani kutoka mlangoni kwake.

Fox alitaja madola makuu matatu: Marekani, Umoja wa Kisovieti na Himaya ya Uingereza. Miaka 12 baadaye, moja kati ya hayo matatu lilianguka mtihani mbele ya dunia nzima. Julai 1956 Gamal Abdel Nasser, rais wa Misri, aliutaifisha Mfereji wa Suez. Uingereza, Ufaransa na Israeli zikaivamia Misri, na kijeshi walikuwa wanashinda. Lakini pauni ya Uingereza ilikuwa inaporomoka, na Rais Eisenhower wa Marekani, aliyekasirishwa na uvamizi ule, hakukubali Uingereza ipewe mkopo wa kuiokoa sarafu yake mpaka isimamishe vita. Tarehe 6 Novemba Uingereza ikakubali kusitisha mapigano. Makoloni ilikuwa bado inayo, manowari ilikuwa nazo, na bomu la nyuklia pia. Ilichokosa ni uwezo wa kuambiwa "hapana" na mwenye nguvu zaidi kisha ikaendelea na safari yake.

Kipimo hicho cha Suez ndicho ninachokitumia hapa. Orodha ya mafanikio ni ndefu kwa nchi zote mbili, na kila mmoja anaweza kuchagua yanayompendeza. Ukitaka kujua nguvu za nchi, itazame siku inapobanwa.

Mwaka 2025, wote wawili walibanwa

Bahati ya mlinganishaji ni kwamba mwaka 2025 India na China zilikalishwa kwenye mtihani mmoja, na msimamizi mmoja: ushuru wa Marekani.

China ilipandishiwa hadi asilimia 145. Ikajibu kwa asilimia 125, lakini pigo lake hasa lilikuwa jingine. Tarehe 4 Aprili ilitangaza kwamba aina 7 za madini adimu, pamoja na sumaku zinazotengenezwa kwa madini hayo, hazitatoka nchini bila kibali. China husafisha karibu asilimia 90 ya madini adimu ya dunia. Sumaku hizi nyingine ni ndogo kuliko kidole gumba, lakini zimo ndani ya mota inayopandisha kioo cha gari, ndani ya usukani, ndani ya spika. Gari lisilo nazo halikamiliki. Mwezi Mei kampuni ya Ford ililazimika kufunga kiwanda chake cha Chicago kwa wiki moja kwa kukosa sumaku. Mwezi huohuo wajumbe wa nchi hizo mbili walikutana Geneva, na ushuru wa Marekani ukashuka kutoka asilimia 145 hadi 30, ule wa China hadi 10. Marekani ilibana, ikabanwa, ikalegeza.

Zamu ya India ilikuja Agosti. Kwanza ushuru wa asilimia 25, kisha tarehe 27 ukaongezwa mwingine wa asilimia 25, safari hii kama adhabu ya kununua mafuta ya Urusi. Jumla asilimia 50. Walioumia walikuwa washona nguo wa Tiruppur, wakata almasi wa Surat, wafugaji wa kamba wa Andhra Pradesh. India ilisema adhabu hiyo si ya haki, na ilisema kweli, kwa sababu mnunuzi mkubwa kuliko wote wa mafuta ghafi ya Urusi alikuwa China, na China haikupewa adhabu hiyo.

Kwangu mimi hapo ndipo penye jibu. Kosa moja, wakosaji wawili, na aliyekosa zaidi akaachwa. India haikuwa na sumaku za kuzuia. Bidhaa zake nyingi zinazokwenda Marekani, kuanzia nguo hadi vito, mnunuzi anaweza kuzipata kwingine akivumilia usumbufu kidogo. Hata dawa zake, ambazo Wamarekani wengi huzimeza kila siku, hazikugeuzwa kuwa fimbo, na nadhani ni vema hazikugeuzwa.

Lakini nisiipunje India. Haikupiga magoti. Mafuta ya Urusi haikuyaacha papo hapo, na mwisho wa mwezi uleule Waziri Mkuu Narendra Modi alipanda ndege kwenda Tianjin kwa mkutano wa Shirika la Ushirikiano la Shanghai, safari yake ya kwanza China baada ya miaka saba. Nchi ndogo isingethubutu. Hivyo ndivyo taifa kubwa linavyofanya: linaumia, halitii, linatafuta njia nyingine. Dola kuu humfanya aliyeibana naye aumie.

Mizani ya uchumi

Mwaka 2024 pato la India lilikaribia dola za Marekani trilioni 4, la China lilipita trilioni 18, na la Marekani lilipita trilioni 29. India iliipita Uingereza mwaka 2022, na furaha ya kumpita aliyekutawala karibu karne mbili naielewa vizuri. Ila mgawanye kila mtu fungu lake: Mhindi mmoja anapata chini ya dola 3,000 kwa mwaka, Mchina kama 13,000. Tofauti hiyo ya karibu mara tano ndiyo iliyokua tangu 1990, wakati walipokuwa sawa.

Iliwezekanaje? China ilianza mageuzi mwaka 1978 chini ya Deng Xiaoping, India ikasubiri mpaka 1991, tena kwa kusukumwa na janga. Mwaka huo akiba yake ya fedha za kigeni ilibaki ya kutosha wiki chache tu za kununua bidhaa nje. Serikali ikasafirisha tani 47 hivi za dhahabu kwenda kuziweka rehani ili ikopeshwe. Kwa watu ambao dhahabu ya mama huuzwa pale tu nyumba ikiwa imeishiwa kabisa, aibu ile haikusahaulika. Waziri wa fedha Manmohan Singh akafungua milango ya uchumi, na mambo yakabadilika kweli. Lakini China ilikuwa imetangulia miaka 13, na miaka hiyo ilikwenda viwandani. Leo karibu theluthi moja ya bidhaa za viwandani za dunia hutoka China. India iliruka kutoka shambani hadi kwenye kompyuta bila kupita kiwandani vya kutosha, na zaidi ya watu wanne katika kila kumi wenye kazi bado wanategemea kilimo.

Simama kando ya mkokoteni wa muuza mboga mjini Delhi uone mambo haya mawili kwa jicho moja. Mteja anachukua nyanya, anaelekeza simu kwenye kibao chenye mraba wa madoadoa, na kispika kidogo kando ya mizani kinatangaza kwa Kihindi kwamba rupia kadhaa zimeingia. Mfumo huo, UPI, ulianzishwa mwaka 2016 na Wahindi wenyewe, na kwa wingi wa miamala hauna mpinzani wa aina yake duniani. Sasa itazame simu iliyo mkononi mwa mteja. Kuna uwezekano mkubwa ni Vivo, Xiaomi au Oppo, zote kampuni za China. Hata ikiwa imeunganishwa India, vipande vingi vya ndani vimetoka China. Nakisi ya biashara ya India kwa jirani huyu, yaani pengo kati ya inachonunua na inachomuuzia, imefika karibu dola bilioni 100 kwa mwaka. Ni vigumu kumwita mtu mpinzani wako sawasawa wakati kiwanda chako kinasimama akifunga lango lake.

Injini ya ndege

Kwenye jeshi takwimu za juujuu zinajulikana. Mwaka 2025 SIPRI, taasisi ya utafiti wa silaha na amani, ilikadiria India ina vichwa vya nyuklia kama 180, China kama 600, Marekani na Urusi zaidi ya 5,000 kila mmoja. Matumizi ya kijeshi ya mwaka 2024: India dola bilioni 86, China takriban bilioni 314, Marekani karibu bilioni 1,000. Mimi naona kuna kitu kimoja kinachoeleza zaidi kuliko namba hizi zote, nacho ni injini ya ndege ya kivita.

India ilianza kubuni injini yake, Kaveri, katika miaka ya 1980. Ilikusudiwa kuirusha ndege ya kivita ya Tejas. Haikufikia msukumo uliotakiwa, na Tejas ikabidi ifungwe injini ya Kimarekani. Toleo jipya la ndege hiyo lilipokuwa tayari kuundwa, injini zilichelewa kufika kutoka Marekani, na ya kwanza ilikabidhiwa Machi 2025. Wakati huohuo MiG-21 za zamani, zilizoanza kazi India mwaka 1963, zilistaafishwa Septemba 2025 na kuliacha jeshi la anga na vikosi 29 badala ya 42 vinavyotakiwa. Nchi inayotua Mwezini inamsubiri fundi wa nchi nyingine ili ndege yake ipae. Na fundi huyo yuko katika nchi ileile iliyoipiga ushuru wa asilimia 50.

China nayo ilisota kwa injini hizi. Kwa miaka mingi ilinunua za Urusi, ikashindwa, ikarudia, ikashindwa tena. Leo ndege zake za kisasa za J-20 zinaruka kwa injini zake yenyewe. Baharini ni hivyohivyo: India ina meli mbili za kubebea ndege, INS Vikramaditya iliyonunuliwa Urusi na INS Vikrant iliyoundwa Kochi na kuanza kazi mwaka 2022. China ina tatu, na ya tatu, Fujian, ilianza kazi Novemba 2025 ikiwa na mitambo ya sumakuumeme ya kurushia ndege, ambayo kabla yake ilikuwa kwa Wamarekani peke yao.

Hata hivyo, ndani ya Bahari ya Hindi India imeshaonyesha kwamba ina mkono mrefu. Tarehe 3 Novemba 1988 mamluki waliuvamia mji wa Malé, na Rais Gayoom wa Maldives akaomba msaada. Usiku huohuo askari wa miavuli walipakiwa kwenye ndege mjini Agra, wakaruka zaidi ya kilomita 2,000, wakatua kwenye uwanja wa Hulhulé gizani, na kabla siku ya pili haijaisha rais alikuwa salama. Mwaka 2015, Yemen ilipowaka moto, meli na ndege za India ziliwaondoa Wahindi zaidi ya 4,600 pamoja na raia wa nchi 41 nyingine, wakiwamo wa mataifa tajiri. Hayo ni matendo ya taifa kubwa katika bahari yake. Ukitoka nje ya bahari hiyo, mkono unafupika.

China inakopungukiwa

Sasa nisije nikaeleweka kwamba China imevuka mto wote. Tarehe 22 Juni 2025 ndege saba za Marekani aina ya B-2 ziliruka kutoka Missouri, zikavuka nusu ya dunia, zikapiga mitambo ya nyuklia ya Iran na kurudi nyumbani bila kutua njiani. Iran ilikuwa rafiki wa China na ikiiuzia mafuta mengi. China ilifanya nini? Ililaani. Haikuwa na meli karibu iliyokuwa tayari kuingilia kati, wala nia. Kambi yake ya kijeshi nje ya nchi inayojulikana rasmi ni ya Djibouti, iliyofunguliwa mwaka 2017. Mkataba wake wa kulindana kijeshi uko na nchi moja tu, Korea Kaskazini, tangu mwaka 1961. Marekani inazo hamsini na zaidi. Jeshi la China halijapigana vita kamili tangu lilipoingia Vietnam mwaka 1979.

Na sarafu, kisu kilichoichinja Uingereza pale Suez, bado kiko mikononi mwa Marekani. Zaidi ya nusu ya akiba za fedha za kigeni duniani ni dola ya Marekani, wakati yuan ni asilimia 2 hivi. Juu ya hayo, idadi ya Wachina inapungua tangu mwaka 2022, na mwaka 2023 India iliwapita kwa wingi wa watu. Nusu ya Wahindi hawajafika miaka 30.

Ndiyo maana mimi huiita China dola kuu la kiuchumi na kiviwanda, na kwa upande wa kijeshi nasema ni taifa kubwa linalojijenga.

Anayeogopwa na anayealikwa

India ina kitu ambacho China inakitamani: majirani wa mbali hawaiogopi. Septemba 2023, katika ukumbi wa mkutano wa G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, mjini Delhi, Modi alitangaza kwamba Umoja wa Afrika unakuwa mwanachama wa kudumu, kisha akamkumbatia Azali Assoumani wa Komoro, mwenyekiti wa Umoja huo wakati ule, naye akaenda kukaa kwenye kiti chake. India inanunua silaha Urusi, inafanya mazoezi ya kijeshi na Marekani, Japani na Australia, inakaa na China katika BRICS, kundi la nchi zinazoinukia kiuchumi, na kote inapokewa.

Lakini yenyewe haina kiti cha kudumu pale panapoamuliwa vita na amani. China ilipewa kiti chake Umoja wa Mataifa tarehe 25 Oktoba 1971, pamoja na kura ya turufu. India imechaguliwa mara nane kuwa mjumbe wa muda wa Baraza la Usalama, na kila mara muda ukiisha inaondoka. Kwamba nchi yenye watu wengi kuliko zote haina kiti cha kudumu ni dhuluma, na nalisema hilo bila kusita. Hata hivyo, kunyimwa haki hakuongezi nguvu.

Halafu kuna watu waliozaliwa India wakahamia ng'ambo. Satya Nadella anaiongoza Microsoft, Sundar Pichai anaiongoza Google, na hutajwa kama ushahidi kwamba India imefika. Mimi nauona ushahidi huo ukielekea upande mwingine. Dola kuu huvuta vipaji vya wengine. India inavitoa, na kufurahia fedha wanazotuma nyumbani, nyingi kuliko zinazopokewa na nchi nyingine yoyote.

Basi uchague lipi

Ukipima kwa watu, kwa anga za juu au kwa kasi ya kukua, India iite taifa linaloinukia ambalo tayari ni taifa kubwa, na usiogope kupingwa. Ukipima kwa uwezo wa kuiumiza Marekani kibiashara, neno dola kuu litumie kwa China. Ukishika maana kamili ya Fox, ya nguvu inayofika popote, limebaki moja, na mji wake mkuu ni Washington.

Nashikilia maneno haya kwa sababu kuna mtu anayeumia yakitumiwa ovyo. Serikali ya India inawapa nafaka ya bure watu kama milioni 800, kilo tano kwa kila mtu kwa mwezi. Kuweza kuwalisha ni sifa kubwa kwa nchi iliyoona njaa ya Bengal mwaka 1943. Kwamba bado wanahitaji kulishwa ni habari nyingine, na jukwaa lililojaa shangwe za "dola kuu" halimpi mtu nafasi ya kuuliza kazi za viwandani za watoto wao zitatoka wapi.

Nitakachokiangalia ni vitu vichache. Agosti 2025 India ilitangaza kwamba itaunda injini ya ndege yake ya kizazi cha tano pamoja na kampuni ya Safran ya Ufaransa. Ipo pia mipango ya kutengeneza sumaku za madini adimu ndani ya nchi. Siku rubani wa Kihindi atakapopaa kwa injini iliyoyeyushwa na kuchongwa India, na kiwanda cha magari cha Pune kikaendelea kuzunguka hata kama China imefunga lango, nitarudi kwenye mizani hii na kuisoma upya.